Kabla hujamtoa dalali, uliza anabeba nini

Wanaonijia ni vijana, wengi wao watoto wa hapa hapa Amu, yaani mji wa Lamu, waliokwenda kusoma Mombasa au Nairobi wakarudi na laptopu begani. Kila mmoja ana programu yake ya simu, na programu zenyewe hutofautiana rangi tu. Mvuvi apige picha samaki wake, aandike kilo, hoteli ya Shela au mnunuzi wa Malindi aone, alipe, mzigo uondoke. Na baada ya salamu, neno la kwanza ni lile lile: "Tunataka kumtoa mtu wa katikati."

Mtu wa katikati ni mimi. Nanunua samaki kwenye mashua, nawatia barafu, nawavusha hadi Mokowe, na kutoka hapo wanapanda gari kupitia Witu na Garsen kwenda Malindi na Mombasa. Kwa hiyo una haki ya kunishuku, na soma haya ukilijua hilo. Lakini simu ndiyo inayoendesha kazi yangu: oda zangu ziko WhatsApp, malipo yangu yako M-Pesa, na daftari langu la hesabu liko kwenye simu na kwenye karatasi, kote kuwili. Siipingi teknolojia. Ninachotaka ni kwamba wanaoileta, na wanaoletewa, waijue kazi hii ilivyo kabla ya kuipindua.

Kwanza niwape vijana haki yao. Simu imeshafanya makubwa kwenye samaki, na mfano ninaoupenda unatoka ng'ambo ya bahari yetu hii hii, jimbo la Kerala, India. Mchumi Robert Jensen aliufuatilia uvuvi wa kule wakati simu za mkononi zilipokuwa zikiingia, kati ya 1997 na 2001, eneo moja baada ya jingine. Kabla ya simu, mvuvi alikuwa akitia nanga kijijini kwake na kuomba Mungu. Tarehe 14 Januari 1997, pwani ya Badagara, wavuvi 11 walimwaga dagaa wao kwa kukosa mnunuzi, na masoko yaliyokuwa ndani ya kilomita 15 yalikuwa na wanunuzi 27 ambao wangewanunua. Hawakujuana, basi. Simu ilipofika, mvuvi akawa anauliza bei akiwa bado baharini na kugeuza chombo kuelekea penye mnunuzi. Samaki waliokuwa wakitupwa, asilimia 5 hadi 8 ya mavuvi, wakaacha kutupwa. Faida ya mvuvi ikapanda kwa wastani wa asilimia 8, na mlaji akapunguziwa bei kwa asilimia 4. Utafiti ule ulichapishwa 2007, na tangu hapo kila anayetaka kuuza programu ya soko huunukuu, hata kama hajui kwamba ndio anaounukuu.

Hapa kwetu nimeyaona yale yale. Mashua ikitoka nyuma ya mwamba, mtandao ukishika tu, simu yangu inalia. "Nina nguru karibu mia, changu kidogo, tewa wawili wakubwa. Barafu ipo?"

Tazama alichouliza. Hakuuliza bei. Bei anaijua, ameshapigia watu wawili kabla yangu, na mimi najua ameshawapigia. Anauliza barafu kwa sababu jua limeshapanda, maji yametoka na huenda akakwama kwenye mchanga saa nzima kabla ya kufika gatini, na nguru aliyelegea macho hoteli haimchukui hata umwandikie bei ya dagaa. Katika programu zote nilizoonyeshwa, sijaona mahali pa kuandika barafu. Kuna mahali pa picha, pa kilo, pa nyota tano za kumsifu muuzaji. Barafu hamna.

Haya, tuingie kwenye jambo lenyewe. Chombo kikitoka hapa kwenda kuvua, kimetoka na gharama: petroli ya mashine, barafu, chambo, chakula cha mabaharia, maji. Wenye pesa hizo mfukoni ni wachache. Anayezitoa ni tajiri, na tajiri kwa lugha ya wavuvi si lazima awe na ghorofa. Ni yule aliyekutangulizia. Akishakutangulizia, samaki wako ni wa kumuuzia yeye, kwa bei iliyo chini kidogo ya soko. Mashine ikifa nyuma ya Kiwayu, yeye ndiye hupigiwa simu atafute chombo cha kuvuta. Mtoto akifukuzwa shule kwa karo, yeye. Baharia akiugua usiku kisiwani na boti ya kumvusha haina mafuta, yeye. Hakuna lililoandikwa hata moja. Chombo kikirudi kitupu, hamna aliyelipa. Deni linasubiri safari ijayo.

Kijana wa programu anaona kitu kimoja tu katika yote hayo: bei ya chini. Anaiita wizi. Tufanye hesabu, maana hesabu haina upande. Tuseme nguru sokoni ni shilingi 400 kwa kilo na tajiri anampa mvuvi 330. Kwa kilo 100, tofauti ni shilingi 7,000. Sasa tuseme tajiri yule alitanguliza 20,000 za mafuta na barafu. Mkopo wa simu wa kiasi hicho ungekuwa gharama gani? M-Shwari ilipoanza, Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Hiyo ni shilingi 1,500. Kijana anaruka: 7,000 dhidi ya 1,500, umeona?

Nimeona. Na sikatai, kwenye karatasi simu ni rahisi kuliko tajiri. Ila mkopo wa simu unadai siku ya thelathini, nguru wameonekana hawakuonekana, upepo upo haupo. Hauanzi na 20,000. Unaanza na kidogo, unakupima. Na ukichelewa, jina lako linapelekwa kwa wanaohifadhi rekodi za wadaiwa, na mkopo unaofuata huupati. Tajiri anasubiri. Zile 5,500 zilizobaki ni bei ya kusubiriwa na bei ya safari zilizorudi tupu. Wakati mwingine bei hiyo ni ya haki. Wakati mwingine ni unyonyaji mtupu, kwa sababu wako matajiri wanaokula mara tatu ya walichobeba. Nawajua, nao wanajua nawajua.

Kisha kuna riba, jambo ambalo sijasikia mtu wa Nairobi akilitaja mpaka alipofika hapa akashangaa mbona watu hawakopi. Wavuvi wengi wa Amu, Pate na Faza ni watu wa swala tano. Mkopo wenye ada inayokua kwa siku hawaugusi, au huugusa kwa siri na roho ikiwasuta. Cha tajiri wanakiona kuwa ni biashara: amenunua samaki kabla hajavuliwa. Masheikh wana maneno yao juu ya hilo pia, na sitaingilia. Ninachosema ni kwamba ukitengeneza programu ya mikopo kwa ajili ya Lamu na hukuketi na sheikh hata mmoja, umeitengenezea mji mwingine.

Sasa ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaousisitiza kuliko yote. Kabla ya kuandika msitari mmoja wa programu, chukua daftari la kawaida na utenganishe bei. Andika bei ya samaki ya siku ile peke yake. Andika mafuta peke yake, barafu peke yake, usafiri peke yake, na ukiweza, andika na bei ya kungoja. Mimi nilianza kufanya hivyo kwa wavuvi ninaofanya nao kazi, na mambo mawili yalitokea. Wenye mashine zao na akiba kidogo waliiona tofauti, wakaanza kupeleka samaki wakubwa moja kwa moja hotelini Shela, na mchanganyiko wa samaki wadogo na wa kati wakaendelea kuniletea mimi. Sikupenda, lakini ilikuwa haki yao, na hesabu zao zikakaa sawa. Wengine walitazama daftari, wakaona gharama ya barafu na ya kusubiriwa, wakasema, "Ami, acha ilivyo." Wote walikuwa wakinilaumu kwa bei. Lawama zilipungua bila programu yoyote, kwa kalamu.

Baada ya daftari ndipo utajua programu yako inatakiwa kufanya nini. Pengine haihitaji soko hata kidogo. Pengine kinachohitajika ni kujua barafu iko wapi leo, na ya nani.

Wenye kutafuta mfano wa teknolojia iliyopindua biashara nzima Kenya hutaja M-Pesa, na hawakosei. Lakini watu wanakumbuka simu, wanasahau duka. Majaribio yake ya 2005 yalikuwa ya watu kulipia mikopo midogo midogo. Wenyewe wakaanza kutumiana pesa kwa shughuli zao, na kampuni ikaona biashara iko hapo. Ilizinduliwa rasmi Machi 2007. Kabla yake, pesa za samaki zilitoka Mombasa ndani ya bahasha mkononi mwa dereva au utingo, au kwa jamaa aliyekuwa akija. Bahasha ilifika, au ilifika pungufu, au basi lilichelewa kwa sababu ya usalama wa njia na wewe una watu kumi wamekaa barazani wanangoja. M-Pesa iliwaondoa wabeba bahasha. Palepale ikamweka mtu mwingine: wakala. Na wakala wa Kizingitini alikuwa yule yule mwenye duka la sukari na mchele, ambaye kijiji kizima kilikuwa kikimwachia amana tangu zamani. Siku mashua zikirudi zote pamoja, kila mtu anataka noti taslimu saa ile ile, na ikiwa duka halina noti za kutosha, simu yako yenye maelfu haikununulii hata kilo ya unga. Mfumo mzima ulisimama juu ya sanduku la mwenye duka.

Kwa hiyo kijana akiniuliza, mimi humuuliza: duka lako ni nani? Nani pale Faza ambaye watu watamwendea programu ikikataa, wamgombeze, atulie, awatengenezee? Ikiwa jibu ni namba ya huduma kwa wateja, rudi ukafikiri.

Liko jambo jingine ambalo halionekani kutoka ufukweni. Mavuvi hugawanywa kwa mafungu. Zikitolewa gharama, chombo kina fungu lake, nyavu au mashine fungu lake, nahodha lake, na mabaharia yao. Fungu la nahodha ni kubwa kwa sababu ya kile anachokijua: mwamba uko wapi chini ya maji, tewa wanakaa upande gani, mwezi ukiwa mchanga uende lini. Zamani alijua kwa alama. Kilima cha mchanga kikipangana na mti fulani, minara miwili ikifunikana, basi tia nanga. Alama hizo ziliingia kichwani kwa miaka, na baba alimwachia mwanawe.

GPS imeigeuza elimu ile kuwa namba. Baharia kijana mwenye simu mfukoni anabonyeza mara moja, na mwamba wa babu wa mtu uko WhatsApp kabla ya magharibi. Wiki ijayo unakuta mashua nne juu yake. Nahodha mmoja wa upande wa Pate hukusanya simu za mabaharia wote kwenye ndoo yenye kifuniko kabla hawajafika, na huwarudishia wakishageuza chombo. Nilicheka aliponieleza. Yeye hakucheka. "Mwanangu," aliniambia, "fungu langu liko ndani ya ndoo hiyo."

Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini programu zinazouliza mahali samaki alipovuliwa hujaa uongo. Najua sababu za kuuliza ni nzuri: mnunuzi wa nje anataka kujua samaki ametoka wapi, na serikali inataka kujua samaki wanapungua wapi. Lakini mvuvi akiulizwa na simu mahali hasa, huandika Manda, kisiwa cha hapa ng'ambo tu. Kila siku Manda. Ukizitazama takwimu zile utadhani bahari nzima ya Lamu imekauka, samaki wote wamehamia Manda. Uliza eneo pana, mwambie wazi nani ataliona na nani hataliona, na mhusishe mzee wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, tangu mwanzo. Hapo utapata ukweli wa kukutosha.

Na mabadiliko hayaishii kwa uliyemlenga. Jensen yule yule, safari hii na mwenzake Nolan Miller, alirudi kwenye Kerala na mwaka 2018 wakachapisha jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko lile la kwanza, ingawa halinukuliwi sana. Wavuvi walipoanza kuuza samaki vijiji vya mbali kwa sababu ya simu, walikutana na vyombo vya mafundi wa vijiji vingine, wakagundua kuna wanaojenga mashua inayodumu kuliko ya fundi wa kwao. Wakaanza kuagiza kwa wale. Mafundi bora wakapanuka, wengine wakafunga. Simu ilinunuliwa kwa ajili ya bei ya dagaa, ikaenda kumfungia seremala kazi.

Nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria fundi ninayemjua Matondoni. Yeye hajawahi kuuza samaki kwa simu. Lakini wateja wake siku hizi wanakuja na picha za boti za faiba kutoka Mombasa na hata Dubai, wanamuuliza kwa nini yake inataka kalafati, kuzibwa nyufa za mbao, kila mwaka na ile haitaki. Hana jibu la bei. Ana jibu la mbao, la namna mashua inavyokaa kwenye wimbi la kusi, la kurekebishika kwa patasi na msumari ufuoni. Hayo hayatoki kwenye picha. Mtu anayepanga kubadilisha biashara ya samaki angefanya vyema kwenda kukaa na fundi kama huyo nusu siku, hata kama jina lake halimo kwenye mradi.

Kuna na mama karanga. Hawa ni kina mama wanaonunua samaki wadogo na wa kati, wakawakaanga na kuwauza jioni mitaani. Wananunua kwa uso wao: wanasimama gatini, wanajulikana, wanapewa bakuli kwa mkopo mpaka kesho. Hoteli ikianza kuagiza kwa simu kabla mashua haijafunga kamba, changu wazuri wanakuwa wameshauzwa, na mama anayengoja pale anapata mabaki au hapati. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Mimi, kwa oda zangu za simu, ni mmoja wa wanaomchelewesha, na sasa tumekubaliana na mashua mbili tatu kwamba sehemu ya mchanganyiko haiandikwi kwenye oda yoyote mpaka kina mama wamechagua. Ni utaratibu wa mdomo tu. Programu inaweza kuuweka vizuri zaidi kuliko mdomo, ikiwa aliyeitengeneza alisikia kwamba mama karanga yupo.

Usidhani ugumu huu ni wetu kwa sababu ya uchache wetu. Wakubwa wa dunia wameshindwa na jambo hilo hilo. Mwaka 2018 kampuni ya meli ya Maersk na IBM walifungua TradeLens, daftari moja la kidijitali la shehena ambalo mwenye meli, bandari, forodha na mwenye mzigo wote wangelisoma, na hakuna ambaye angelifuta peke yake. Biashara ya kontena kweli inalihitaji. Karatasi zinazofuata kontena moja kupitia mikono mingi huchosha kuliko safari yenyewe. Pesa walikuwa nazo, wataalamu walikuwa nao. Mwishoni mwa 2022 wakatangaza kuifunga, na wenyewe walisema ushirikiano wa sekta nzima waliouhitaji haukupatikana. Kampuni nyingine za meli tangu mwanzo zilikuwa na wasiwasi: nani anaandika habari za wateja wake kwenye daftari ambalo mshindani wake ni mshirika mwenye kulimiliki? Hapa ng'ambo ya mkondo, gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na najua siku zitakuja watu wa mifumo ya kontena kutuhubiria. Swali la kuwauliza ni lile lile nitakalomuuliza kijana wa samaki. Daftari ni la nani? Mimi na mshindani wangu tukiandika humo, nani anaona bei zetu zote mbili?

Kwenye nyumba za wageni sitakaa sana, wenyewe wanajua. Zamani mgeni alishushwa gatini na kijana aliyembebea begi akamwonyesha vyumba, naye akapata chake kwa mwenye nyumba. Watu walimwita msumbufu, na wengine walikuwa wasumbufu kweli. Sasa chumba kinauzwa kwenye mtandao na mwenye nyumba anakatwa karibu asilimia 15, mara nyingine zaidi. Shangazi yangu ana vyumba Langoni, na mtandao umemletea wageni ambao asingewapata milele, hilo analikiri. Lakini ndege ikichelewa Manda na mgeni akaja usiku hajui njia, yule aliyekata asilimia 15 haendi kumpokea. Shangazi humtuma kijana yule yule wa begi, na humlipa tena. Anayehesabu kwamba dalali ameondoka hajaiona hesabu ya shangazi.

Baki la ushauri ni la mikono zaidi kuliko la kichwa.

Usianze wakati wa kaskazi. Najua ndipo pesa ziko: bahari shwari, mashua zinatoka kila siku, hoteli zimejaa, kila mtu anacheka. Programu yoyote itafanya kazi Januari. Anza kusi imevuma, mwezi wa sita au wa saba, mashua ziko juu ya mchanga, mabaharia wanashona nyavu barazani na madeni yanaongezeka. Ikiwa una la kuwafaa mwezi huo, kaskazi ikija watakuja wenyewe bila tangazo. Ikiwa huna, umejua mapema na kwa gharama ndogo.

Ifanye ifanye kazi bila mtandao. Amu mjini tuko sawa, lakini kuna pembe za visiwa ambazo mtandao unashika ukisimama juu ya jiwe fulani tu. Simu ya mvuvi imefungwa kwa mfuko wa plastiki, kioo kimepasuka, kidole kina maji ya chumvi na magamba. Kitufe kidogo hakibonyezeki. Wengi wanapenda kusema kuliko kuandika. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp umewafaa kuliko fomu zote nilizoona, na anayejenga kitu kipya angeanzia hapo, aiache sauti ibaki sauti, kisha mtu mmoja ufuoni, mwenye mikono mikavu, ndiye aandike.

Mizani iwe ya nani, mkubaliane siku ya kwanza, mbele ya watu. Ugomvi mwingi unaopewa jina la bei ni ugomvi wa mizani.

Na wewe mvuvi, au mwenye chombo, au mama mwenye kikaango, unayeletewa programu na kijana mwenye heshima na laptopu: mkaribishe, mpe kahawa, msikilize mpaka amalize. Kisha muulize nani atatanguliza mafuta. Muulize chombo kikirudi kitupu deni linakwenda wapi. Muulize pesa zikikwama njiani usiku wa Ijumaa, utampigia nani, na mtu huyo yuko kisiwa gani. Muulize, ukitaka kuacha mwakani, rekodi zako za mauzo utaondoka nazo au zitabaki kwake, kwa maana rekodi hizo ndizo utakazoonyesha benki au sako siku utakapotaka mashine yako mwenyewe. Akiwa na majibu ya nusu ya hayo, mjaribu kwa mashua moja, si zote, na tajiri wako mwambie mapema kabla hajasikia kwa watu. Huenda akakasirika. Huenda pia akasema alichosema tajiri mmoja ninayemjua: kwamba kama kuna mtu mwingine wa kupigiwa simu mashine ikifa usiku, yeye angefurahi sana kulala.